Ramzi wa Kwenye Kompyuta

Jina la Ramzi liliingia nyumbani kwa Nzioka pamoja na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Mkewe, Mbula, alikuwa anapakua, upawa mkononi, akacheka peke yake.

"Unacheka nini?" Nzioka akauliza.

"Ramzi. Ameniambia leo kazi yangu imeanza kusimama."

"Ramzi ni nani?"

"Sijui, Baba Ndila. Ni mtu wa huko kwenye kompyuta."

"Mtu hawezi kuwa wa kwenye kompyuta. Mtu ni wa Tala, ni wa Mitaboni, ni wa mahali."

"Basi huyu hana mahali," Mbula akasema, akacheka tena, akaketi kula.

Kwamba Ramzi hana mahali, hilo halikumsumbua Nzioka. Kicheko ndicho kilichomkaa kooni. Alikijua kicheko cha mke wake kama anavyojua sauti ya nyundo yake. Kilikuwa kicheko cha chini, cha puani, ambacho Mbula hakuwa akikitoa mbele za watu. Sasa alikuwa amekitoa kwa mwanamume asiye na mahali.

Mbula alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tangu binti yao Ndila aende shule ya bweni, alikuwa akisomea saikolojia jioni na Jumamosi katika chuo kimoja mjini Machakos. Mwaka huo, 2008, mhadhiri wao Bi Kalunde alikataa kuwapa insha ya kawaida. Alisema insha huwa anaisoma yeye peke yake, kisha panya wa ofisini wanaimalizia. Kila mwanafunzi aandike makala ya Kiswahili katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuisoma, na mtu yeyote anaweza kuisahihisha. Alama za somo lote zingetoka humo. Atakayeanguka atalirudia mwaka unaofuata. Mada ya Mbula ilikuwa upweke.

Kabla ya hapo, mambo ya Mbula yalikuwa ya Nzioka kwanza. Shule ikifungwa jioni alipitia kwenye karakana yake nyuma ya soko, akakaa juu ya rundo la sponji, akamwambia nani amefukuzwa, nani ana mimba, mwalimu mkuu amesema upuuzi gani. Nzioka alikuwa fundi wa makochi. Aliacha shule darasa la sita, na hakuona kama amepungukiwa, maana habari zote zilimfuata pale pale huku anapigilia misumari. Sasa rundo la sponji lilikaa bila mtu. Shule ikifungwa Mbula alikwenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia.

Jioni iliyofuata Nzioka alisema atamsindikiza.

"Wewe? Saiba?" Mbula akauliza.

"Ni makosa?"

"Si makosa. Lakini utakaa tu."

"Nitakaa."

Saiba ilikuwa ya Habibu, juu ya duka la vitambaa la baba yake. Nzioka aliwafahamu, maana kitambaa cha makochi alikinunua hapo chini tangu Habibu akiwa mtoto wa kukimbizana na paka dukani. Akakaa kwenye benchi ukutani. Mbula akakaa kwenye kompyuta, akavaa miwani, akawa mtu mwingine. Mgongo ulinyooka. Vidole vilikimbia. Mara akatabasamu.

Nzioka akainuka, akasimama nyuma yake.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Ametengeneza vichwa vyangu vya habari. Tazama vilivyopendeza."

Nzioka hakutazama vichwa. Alitazama juu, mwanzo wa ukurasa ule wa majadiliano, ambapo mtu na mtu huandikiana. Alisoma polepole kwa midomo: *Karibu sana, Mbula! Tumefurahi mno kukupata. Usiogope kukosea, sisi sote tulianza hivyo. Ukiwa na neno lolote, wakati wowote, niandikie mimi. Ramzi.*

"Wakati wowote," akasema.

"Nini?"

"Hakuna. Endelea."

Walipokuwa wanatoka Habibu akamwita. "Fundi! Umeanza masomo?"

"Nimekuja kulinda mali yangu."

"Lipia kiti basi, mali imelipia chake." Watu wakacheka. Mbula naye akacheka, lakini kile cha mbele za watu.

Siku ya pili yake karakanani alimweleza Mbithi, aliyekuwa akimchongea fremu. Mbithi alikuwa na mdomo uliokuwa mkali kuliko patasi zake.

"Rudia hiyo," Mbithi akasema. "Wakati wowote?"

"Wakati wowote."

"Na amefurahi mno?"

"Mno. Ameandika mno."

Mbithi akaweka randa chini. "Mimi na mke wangu tumekaa miaka hiyo yote, sijawahi kumwambia mno. Huyo mtu ana kazi gani?"

"Hana. Anakaa tu huko anasahihisha kazi za watu. Hata halipwi."

"Aiya! Mwanamume hafanyi kazi ya bure, Nzioka. Kuna mahali analipwa. Mwanamke akicheka na ukuta, jua ukuta una mtu."

Nzioka aligonga msumari ukapinda. Akaung'oa, akagonga mwingine ukapinda.

Usiku huo alijaribu dawa. Mbula alipoleta chakula, alionja, akakohoa, akasema, "Mama Ndila, kazi nzuri."

"Kazi gani?"

"Hii. Maharagwe yamesimama."

Mbula akamwekea mkono kwenye paji la uso. "Uko na malaria?"

"Ramzi akisema ni sifa, mimi nikisema ni malaria!"

"Sasa Ramzi ameingiaje kwenye maharagwe?"

Nzioka akarudi kwenye maharagwe. Aliona kwamba yule mtu amemtangulia hata kwenye maneno. Kila neno zuri ambalo angelipata, Ramzi angekuwa ameshalitumia, tena limeandikwa, lina nukta mwishoni.

Wiki ya mwisho ya kukamilisha kazi, saiba ilijaa wanafunzi wa Bi Kalunde. Ukiinuka tu, kiti kimekwenda. Nzioka alikuwa akija kila jioni sasa, bila kuambiwa, anakaa kwenye benchi kama askari wa benki. Alhamisi hiyo Mbula akamwita.

"Nishikie kiti. Naenda hapo chini kwa Nzembi wa darasani kwetu kuchukua kitabu. Usiguse kitu."

"Niguse nini? Sijui kitu."

Akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto la mke wake. Mbele yake kulikuwa na makala ya upweke, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaisoma. Sehemu kubwa yalikuwa maneno ya chuo, akayaruka. Kisha akafika mahali palipoandikwa: *Mtu anaweza kula na mwenzake sahani moja kila siku na bado akawa mpweke.*

Alisoma mara moja, akaelewa. Wao wawili, tangu Ndila aende bweni, walikuwa wakila sahani moja, ile kubwa ya bluu, ili kupunguza vyombo.

Akabonyeza palipoandikwa Majadiliano. Chini ya ukurasa huo, Ramzi alikuwa ameandika: *Dada Mbula, sentensi hii ya sahani ndiyo nzuri kuliko zote. Lakini umeitoa wapi?*

Masikio ya Nzioka yakashika moto. Sahani yake ilikuwa inajadiliwa, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Machakos alikuwa anauliza mambo ya meza yake, na kumwita mke wake dada. Nzioka alikuwa na dada wanne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza swali la namna hiyo.

Hakuwa mtu wa kununa kichinichini. Akiwa na neno na mtu, alimwendea. Mwanamume mwenye adabu akitaka kuongea na mke wa mtu hupitia kwa mwenye nyumba. Ikiwa Ramzi hakufunzwa hivyo kwao, angefunzwa leo. Nzioka alikuwa amemwona Mbula akibonyeza pale pa kuandikia. Akabonyeza. Akatafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele:

*ramzi mimi ndio mume wa mbula. niko hapa machakos natengeneza makochi watu wananijua. kama uko na neno na mke wangu pitia kwangu. mambo ya nyumba yangu usiulize*

Akabonyeza pale palipoandikwa Hifadhi. Maneno yake yakatokea ukurasani, na chini yake jina la Mbula likajiandika lenyewe. Nzioka aliliona, akaona ni sawa tu. Barua ilikuwa inamhusu Mbula.

Mbula alirudi na kitabu. "Umegusa kitu?"

"Kiti," Nzioka akasema, akampisha. Mbula alikuwa na haraka, akaenda moja kwa moja kwenye makala, hakurudi kwenye majadiliano.

Jumamosi alirudi kutoka chuoni, akaweka mkoba juu ya meza polepole sana. Nzioka alikuwa akipepea mkaa jikoni. Alijua mkoba ukiwekwa hivyo kuna jambo.

"Mimi ndio mume wa Mbula," Mbula akasema.

Nzioka akaendelea kupepea mkaa.

"Bi Kalunde alikuwa anatuonyesha kazi zetu ukutani, na ile mashine yake ya mwanga. Darasa zima. Akafungua majadiliano yangu, ikatokea kubwa hivi." Akanyoosha mikono. "Mimi ndio mume wa Mbula. Na chini imeandikwa imetoka kwa Mbula. Nzembi alicheka mpaka akatoka nje. Sasa wananiita hivyo. Mume wa Mbula, habari yako? Mume wa Mbula, niazime kalamu."

"Nilikuwa namwandikia yeye. Si darasa."

"Hakuna yeye huko ndani! Kila mtu anaona kila kitu."

"Basi ifute."

"Nimefuta. Haifutiki. Ukifuta, inaonyesha hata kwamba umefuta." Akakaa, akavua viatu. "Lakini si kuchekwa kunakoniuma, Baba Ndila. Kuna sheria. Mkono wa mtu mwingine ukiingia kwenye akaunti ya mwanafunzi, kazi yote inakataliwa. Bi Kalunde anasema hajui umeandika mistari minne au umeniandikia makala nzima."

"Mimi? Nikuandikie makala?"

"Mwambie hivyo. Anakutaka Jumatatu."

Usiku ule walikula sahani mbili.

Jumatatu Nzioka alivaa koti la harusi za watu, akaenda chuoni. Bi Kalunde alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Ofisi yake ilikuwa na kompyuta, birika la chai na karatasi za wanafunzi mpaka dirishani.

"Karibu, mume wa Mbula."

"Hata wewe?"

"Mimi ndiye niliyeanza. Keti." Akamimina chai, akajimiminia yeye tu. "Niambie. Makala ile nani ameandika?"

"Mbula."

"Yote?"

"Yote. Mimi niliandika hiyo ya Ramzi."

"Nitajuaje? Nimewahi kuletewa kazi ya mke iliyoandikwa na mume, na kazi ya mume iliyoandikwa na mke. Wote walinitazama machoni kama wewe."

Nzioka alishika magoti yake. Aliona Mbula akirudia somo mwaka mzima, jioni zote hizo tena, saiba, Ramzi, wakati wowote. Aliona pia kwamba njia ilikuwa moja tu, nayo ilipita juu ya heshima yake.

"Mwalimu, mimi niliishia darasa la sita. Nipe hapo niandike, utaona. Mtu hawezi kujifanya mjinga vizuri hivyo."

Bi Kalunde akamtazama, kisha akageuza kompyuta. "Lakini si kwa jina la mkeo tena. Tunakufungulia lako." Akagonga gonga. "Jina?"

"Nzioka Fundi."

"Haya, Nzioka Fundi. Niandikie upweke ni nini. Kwa maneno yako."

Akaanza. Bi Kalunde alikunywa chai yake ikaisha, akasahihisha karatasi, akapokea simu, akarudi kwenye karatasi. Nzioka alikuwa bado anatafuta herufi K. Jasho lilimtiririka ndani ya koti. Mwanafunzi mmoja aliingia, akamwona mzee wa makamo amekunja uso mbele ya mashine, akatoka akiziba mdomo. Hatimaye akasema, "Nimemaliza."

Mhadhiri akainama, akasoma: *upweke ni wakati mtu wako anacheka na wewe huoni kinachomchekesha*

Akaisoma tena.

"Iko sawa?" Nzioka akauliza.

"Haiko sawa. Haina herufi kubwa, haina nukta, haina chanzo. Tukiiweka kwenye makala itafutwa kabla hujafika getini." Akafungua kazi ya Mbula pembeni, akatazama hii, akatazama ile. "Lakini mkono huu na ule si mmoja. Hilo nimeliona. Isitoshe, kila alichoandika Mbula kimehifadhiwa hapa na saa yake. Huwezi kuandika haya yote hata ukipewa mpaka Krismasi."

"Amepita?"

"Nitamsahihishia kazi yake kama wengine. Na wewe usikae tena kwenye kiti chake."

Nzioka alitaka kushukuru, lakini macho yake yalikuwa yamenaswa na kompyuta. Juu ya ukurasa wake mpya kulikuwa na mstari wa rangi, unasema ana ujumbe. Bi Kalunde akambonyezea.

*Karibu sana, Nzioka Fundi! Tumefurahi mno kukupata. Usiogope kukosea, sisi sote tulianza hivyo. Ukiwa na neno lolote, wakati wowote, niandikie mimi. Ramzi.*

Alisoma, akarudia. Kila neno lilikuwepo. Mno ilikuwepo.

"Huyu mtu ananijua?"

"Anamwandikia kila mgeni hivyo hivyo," Bi Kalunde akasema. "Ni salamu. Ameiandika mara moja, anaibandika kwa kila mtu. Hata mimi ninayo."

"Hata wewe amefurahi mno kukupata?"

"Mno kabisa."

Ilikuwa siku ya Nzioka kufurahi, na alifurahi, lakini furaha ilikuwa na mfupa ndani. Kwanza aliona haya. Kisha, jambo ambalo hakulitarajia, alikasirika kwa ajili ya Mbula. Yaani mke wake alikuwa amepewa salamu ya kila mtu, kama chai ya matangani! Halafu akaikumbuka ile nyingine. Salamu ilikuwa ya wote, lakini sentensi ya sahani ilikuwa ya Mbula peke yake, na swali la Ramzi juu yake halikubandikwa kutoka popote. Mtu alikuwa amesoma, akasimama, akauliza.

"Amenijibu?" akauliza. "Ile yangu?"

Bi Kalunde akatafuta. Ramzi alikuwa amejibu tangu Ijumaa: *Samahani sana, mzee wangu. Sina neno na mkeo ila vyanzo vyake. Hongera kwa kazi ya makochi.*

Maneno yalikuwa ya adabu. Nzioka angependelea matusi.

Alipokuwa mlangoni mhadhiri akamwita. "Mwambie Mbula ile sentensi ya sahani aitafutie chanzo au aiondoe. Nimepekua vitabu vyote, haimo. Nimemwambia, Ramzi amemwambia, Nzembi amempa kitabu. Hataki kuitoa. Atapoteza alama za bure."

Nyumbani alimkuta Mbula amesimama kwenye sinki, sahani ya bluu mkononi, maji yanatiririka.

"Umepita," Nzioka akasema. "Yaani, kazi yako haikukataliwa. Amenifanya niandike mbele yake."

"Uliandika nini?"

"Upuuzi. Ndio maana umepona."

Mbula akafunga mfereji. Mdomo ulitaka kucheka, akauzuia. "Na Ramzi?"

"Amefurahi mno kunipata." Nzioka akavua koti, akalitundika mlangoni, akabaki amelitazama. "Ulijua ni salamu ya kila mtu?"

"Tangu siku ya kwanza. Nzembi yuko nayo. Wote wako nayo."

"Na hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikaa kwenye benchi."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anaita mbuzi. Nzioka akavuta kigoda, akakaa karibu na sinki. Ukweli ni kwamba bado alikuwa na wivu. Ulikuwa umehama tu. Haukuwa tena kwa mtu aliyeandika *karibu sana*. Ulikuwa kwa mtu aliyeona mstari mmoja katika kurasa nzima akajua ndio wenye uzito, wakati yeye alikuwa anaula kila jioni upande wa pili wa sahani.

"Ile sentensi," akasema. "Ya sahani. Uliitoa wapi?"

Mbula akaweka sahani juu ya meza, akajifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja. "Hilo ndilo swali la Ramzi."

"Najua."

"Neno kwa neno. Tofauti ni kwamba yeye aliuliza kwanza."

Nzioka alihisi ile pumzi ya kukasirika ikimjia, akaiacha ipite. "Umemjibu?"

"Bado."

"Basi nijibu mimi kwanza."

Mbula akamtazama kama anavyotazama mtoto darasani aliyenyoosha mkono baada ya muhula mzima. Kisha akavuta kigoda cha pili, akakaa.